Kupima Kasi ya Mwanga kwa Maikrowevu, Risiti na Rula: Mwongozo Kamili

Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Hakuna desimali inayofuata, wala hakuna kiwango cha mashaka (kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea) kinachoandikwa pembeni yake kama ilivyo desturi ya vipimo vya maabara. Namba hii inaweza kukaguliwa jikoni kwa maikrowevu, risiti za dukani na rula ya shule, na atakayefanya kazi hiyo kwa uangalifu atapata jibu linaloikaribia kwa asilimia chache. Hata hivyo, kabla ya kufika mwisho itabidi tujibu swali ambalo maelekezo mengi ya jaribio hili hulipita kimya kimya: ikiwa namba yenyewe haina mashaka, mtu mwenye rula jikoni anapima nini hasa?

Hesabu zinazohitajika ni za kidato cha tatu, yaani kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili. Kazi yote, ukiirudia mara nyingi inavyostahili, inachukua alasiri moja.

Vifaa

Unahitaji maikrowevu ya kawaida ya nyumbani, rula yenye milimita, kadibodi bapa inayoingia ndani ya maikrowevu bila kugusa kuta, taulo za karatasi, maji, kalamu ya risasi na kikokotoo cha kisayansi, ambacho hata simu nyingi huwa nacho. Kitu cha kuonyesha joto ni risiti, na ziwe zile ambazo mashine huziandika bila wino: Tanzania ni risiti za EFD, Kenya ni za ETR, na kila mtu anazo chungu nzima mfukoni au kwenye droo. Karatasi hiyo imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto. Kuihakikisha, kwaruza kwa haraka upande wa maandishi kwa ukucha. Ikiacha mstari wa kijivu au mweusi, ndiyo yenyewe. Ikiwezekana tumia roli mpya isiyoandikwa, kwa sababu maandishi ya bei ya unga na sabuni yatakusumbua utakapotafuta madoa.

Maelekezo mengi ya jaribio hili hutaja kipande kirefu cha chokoleti. Chokoleti inafaa, lakini ni ghali, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam huanza kulainika kabla ya mlango wa maikrowevu kufungwa, hivyo mipaka ya madoa yake haisomeki vizuri. Risiti hazina gharama, unaweza kuzipanga kwa upande wowote unaotaka, na zinabaki kuwa kumbukumbu ya kubandika daftarini.

Hatua ya kwanza: soma kibandiko

Nyuma ya maikrowevu, au ukingoni mwa mlango, kuna kibandiko chenye namba kadhaa. Iache ile ya wati, na uiache pia ile ya 50 Hz, kwa kuwa hiyo ni ya umeme wa ukutani. Tafuta iliyoandikwa 2450 MHz. Hayo ndiyo masafa ya mawimbi yanayopasha chakula: uga wa umeme ndani ya kisanduku hutetema mara bilioni mbili na milioni mia nne hamsini kwa kila sekunde. Mawimbi haya ni ndugu wa mwanga tunaouona. Yanatofautiana nao kwa urefu wa wimbi tu, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kinachofuata, na katika ombwe yanakwenda kwa kasi ileile. Hewa ya jikoni inayapunguza kasi kwa chini ya sehemu moja kati ya elfu, kiasi ambacho rula yetu haiwezi kukigundua.

Kanuni tutakayoitumia ni moja: kasi ya wimbi ni zao la masafa na urefu wa wimbi. Masafa tumepewa na kibandiko, kwa hiyo kilichobaki ni kupima urefu wa wimbi.

Hatua ya pili: zuia mzunguko

Mawimbi yanayotoka kwenye magnetroni, yaani kifaa cha ndani kinachoyazalisha, hugonga kuta za metali na kurudi, na yanapokutana na yale yanayokwenda hutengeneza wimbi lililosimama. Zipo sehemu ambazo mtetemo ni mkubwa muda wote, na zipo ambazo haupo kabisa. Sehemu moto mbili zinazofuatana ziko umbali wa nusu ya urefu wa wimbi. Mtengenezaji aliweka sahani inayozunguka ili kuifuta tofauti hiyo na kukipasha chakula sawasawa; sisi tunaitaka tofauti hiyo ibaki, kwa hiyo ondoa sahani ya kioo pamoja na pete yake yenye magurudumu. Katikati ya sakafu kitabaki kitufe kidogo kinachozunguka. Kifunike kwa bakuli dogo la kioo au la kauri lililopinduliwa, pana kiasi cha kutokigusa kitufe, kisha weka kadibodi juu yake na uhakikishe haichezi.

Zipo maikrowevu zisizo na sahani inayozunguka, ambazo zina feni ya metali iliyofichwa inayoyatawanya mawimbi. Hizo hazifai kwa kazi hii, na hakuna njia salama ya kuizuia feni hiyo.

Hatua ya tatu: andaa karatasi

Lowesha taulo za karatasi, uzikamue hadi ziwe na unyevu bila kudondosha maji, kisha uzitandaze juu ya kadibodi. Juu yake laza risiti moja baada ya nyingine, ubavu kwa ubavu, upande wenye kemikali ukitazama juu, mpaka zifunike eneo lote. Unyevu ni wa lazima, kwa sababu karatasi kavu hainyonyi nishati ya kutosha. Maji ndiyo yanayopata joto, na karatasi inageuka nyeusi pale maji ya chini yake yalipopata joto la kutosha kwanza. Unyevu uwe sawa kila mahali, la sivyo utakuwa umechora ramani ya maji badala ya ramani ya mawimbi.

Kwenye ukingo wa kadibodi andika kwa kalamu ya risasi "mlango", "kushoto" na "kulia". Ukisahau jambo hili dogo, majaribio matano baadaye hutajua karatasi ipi ilitazama wapi.

Hatua ya nne: pasha kwa muda mfupi

Washa kwa nguvu kamili kwa sekunde 10, fungua, angalia. Kama hakuna doa, ongeza sekunde 5, na uendelee hivyo hadi madoa ya kwanza yatokeze. Acha mara tu yanapoonekana waziwazi yakiwa bado madogo, kwani doa dogo lina kitovu kinachojulikana, ilhali madoa yaliyoachwa yakaungana hayapimiki tena. Katika maikrowevu nyingi kazi hii huisha ndani ya nusu dakika.

Yapo mambo manne ya usalama ambayo si ya kujadiliana. Usiwashe maikrowevu ikiwa tupu kabisa, kwa sababu nishati isiyonyonywa hurudi kwenye magnetroni na kuiharibu. Weka kikombe kidogo cha maji kwenye kona moja, na kibaki palepale katika majaribio yote. Usiingize kitu chochote cha metali, na hapo nahesabu pia pini inayoshikilia risiti pamoja. Usifungue ganda la nje hata kama umeme umechomolewa, kwa kuwa kapasita ya ndani huhifadhi umeme wa maelfu ya volti unaoweza kuua. Na kadibodi ikianza kutoa moshi, zima bila kufungua mlango, kisha usubiri. Vyombo vilivyoguswa na kemikali ya risiti vioshwe kabla ya kutumiwa kwa chakula.

Hatua ya tano: pima umbali

Toa karatasi bila kuzitelezesha. Weka nukta ya kalamu katikati ya kila doa, kisha pima umbali kutoka nukta hadi nukta ya jirani, kwanza kwenye mstari unaokwenda kushoto na kulia, halafu kwenye ule unaotoka mlangoni kwenda nyuma. Usipime kwa mshazari. Safu tatu au nne za madoa zikijitokeza kwa mpangilio, ni bora kupima kutoka doa la kwanza hadi la mwisho na kugawanya kwa idadi ya nafasi, kwa sababu kosa la rula litagawanyika nalo.

Andika kila kipimo, hata kile kinachoonekana kibaya. Kishawishi kikubwa cha jaribio hili ni kwamba mpimaji tayari anajua jibu, hivyo doa linalotoa sentimita 6.1 hupokewa kwa furaha na lile la 7.3 huitwa kosa. Tutaona baadaye kwamba wataalamu wa hali ya juu waliwahi kunaswa na mtego wa aina hii.

Rudia mara tano kwa karatasi mpya, ukiinua kadibodi kwa sentimita mbili mbili katika baadhi ya majaribio, kwani mpangilio wa madoa hubadilika kulingana na kimo.

Hatua ya sita: kokotoa, pamoja na mashaka yake

Tuchukue mfano wa namba ili njia iwe wazi. Tuseme umepata sentimita 6.2, 6.0, 6.4, 5.9 na 6.3. Wastani wake ni 6.16. Hiyo ni nusu ya wimbi, kwa hiyo wimbi zima ni sentimita 12.32, sawa na mita 0.1232. Zidisha kwa masafa: 0.1232 × 2,450,000,000 = 301,840,000. Kasi ni takriban mita milioni 302 kwa sekunde.

Wengi huishia hapo, lakini kipimo kisichoambatana na mashaka yake hakijakamilika. Toa wastani kwenye kila kipimo, uzidishe kila tofauti kwa yenyewe, ujumlishe, ugawanye kwa idadi ya vipimo pungufu ya kimoja, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwa namba zetu mtawanyiko ni sentimita 0.21. Gawanya tena kwa kipeuo cha pili cha 5, nawe utapata mashaka ya wastani, ambayo ni sentimita 0.09, sawa na asilimia 1.5.

Upo pia upande wa masafa. Kibandiko kinasema 2450, lakini magnetroni ya nyumbani si saa ya maabara: masafa yake hupanda na kushuka kulingana na joto lake na chakula kilichomo, ndani ya ukanda uliotengwa wa kati ya 2400 na 2500 MHz. Hiyo ni asilimia 2 kila upande. Mashaka mawili yasiyotegemeana huunganishwa kwa kujumlisha vipeo vyake vya pili na kutafuta kipeuo: 1.5 na 2 huzaa 2.5. Jibu letu la mfano basi ni mita milioni 302 kwa sekunde, na mashaka ya milioni 8 juu au chini. Thamani inayojulikana imo ndani ya mipaka hiyo.

Pale namba inapokataa

Inawezekana kabisa ukapima kwa uangalifu wote ukapata sentimita 7, ambazo hutoa kasi ya mita milioni 343 kwa sekunde. Usikimbilie kutupa karatasi. Kanuni ya "umbali wa madoa ni nusu ya wimbi" ni kweli kwa wimbi linalokwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, lakini kisanduku cha maikrowevu kina pande tatu, na wimbi husimama katika upana, kina na kimo kwa wakati mmoja. Kila upande una urefu wake wa wimbi unaoonekana, ambao ni mrefu kuliko wimbi lenyewe. Uhusiano wake ni kwamba 1 ukigawanywa kwa mraba wa wimbi halisi ni sawa na jumla ya 1 ukigawanywa kwa mraba wa urefu unaoonekana wa kila upande kati ya zile pande tatu.

Mfano wa kukokotoa utafafanua. Tuseme madoa yako ya upana yametengana kwa sentimita 7.02, ya kina kwa sentimita 16, na ya kimo kwa sentimita 20. Zidisha kila moja kwa mbili: 14.04, 32 na 40. Ukigawanya 1 kwa mraba wa kila moja unapata 0.005073, 0.000977 na 0.000625. Jumla ni 0.006675, gawanya 1 kwa hiyo, tafuta kipeuo cha pili, utapata sentimita 12.24. Zidisha kwa masafa na kasi inarudi kwenye mita milioni 300. Kosa la asilimia 15 lilitokana na kudhani kwamba kisanduku ni mstari.

Ili kupata umbali wa kimo, simamisha kadibodi ya pili yenye unyevu na risiti, kisha urudie hatua ya nne. Maikrowevu halisi huchanganya mipangilio kadhaa ya mawimbi kwa pamoja, na maji yaliyomo huipotosha, kwa hiyo usitarajie hesabu safi kama ya mfano. Lakini marekebisho haya ndiyo yanayotenganisha bahati na kipimo.

Na si marekebisho ya jikoni pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Louis Essen na A. C. Gordon-Smith wa National Physical Laboratory, Uingereza, walifanya jambo lilelile kwa ustadi mkubwa: walichukua kisanduku cha metali chenye umbo la silinda, wakakipima vipimo vyake kwa uangalifu wa hali ya juu, wakaondoa hewa ndani yake na kutafuta masafa ambayo mawimbi ya redio husimama ndani. Kutokana na vipimo na masafa hayo walipata kilomita 299,792 kwa sekunde, na mashaka ya kilomita 3. Jambo la kusisimua ni kwamba namba iliyokuwa ikikubalika wakati huo, iliyotolewa na Raymond Birge mwaka 1941 baada ya kuunganisha vipimo vya wengi, ilikuwa 299,776 na mashaka ya kilomita 4 tu. Namba hizo mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Vipimo vilivyofuata vilimpa haki Essen, na ikadhihirika kwamba wale wa awali walikuwa wamejiamini kupita kiasi kuhusu mashaka yao. Ndiyo maana nilisisitiza kuandika hata doa la 7.3.

Unachopima hasa

Historia ndefu iko nyuma ya namba hii. Ole Rømer alitambua mwaka 1676, kwa kuangalia jinsi kupatwa kwa mwezi Io wa Mshtarii kulivyochelewa, kwamba mwanga huchukua muda kusafiri. Hippolyte Fizeau, mwaka 1849, aliupitisha mwanga katikati ya meno 720 ya gurudumu linalozunguka, ukaenda kutoka Suresnes hadi Montmartre, zaidi ya kilomita 8, na kurudi. Albert Michelson aliutuma kutoka Mount Wilson hadi Mount San Antonio huko California katika miaka ya 1920. Fizeau na Michelson walikuwa na mita mkononi na saa mkononi, wakauliza mwanga unakwenda mita ngapi kwa sekunde.

Mwaka 1972 mambo yalifika ukingoni. Kenneth Evenson na wenzake huko Boulder, Colorado, walipima masafa na urefu wa wimbi wa leza wakapata mita 299,792,456.2 kwa sekunde, mashaka yakiwa mita 1.1. Kilichowazuia kwenda mbele zaidi kilikuwa mita yenyewe. Tangu 1960 mita ilikuwa imefafanuliwa kwa mwanga wa rangi ya chungwa wa atomu za kriptoni, mawimbi 1,650,763.73 yakihesabika kuwa mita moja, na mwanga wa taa hiyo haukuwa safi kiasi cha kulinganishwa na leza. Rula ilikuwa imepitwa na kile kinachopimwa. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipokutana mwaka 1983 uliligeuza jambo lote: kasi ya mwanga ikawekwa kuwa 299,792,458 kamili, na mita ikawa umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Sekunde nayo, tangu 1967, ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu 133.

Rudi sasa kwenye daftari lako. Uliandika juu ya jedwali "kasi ya mwanga"; ukweli ni kwamba kasi hiyo ilikwishajulikana kikamilifu kabla hujawasha maikrowevu. Kati ya namba tatu za kanuni yetu, moja imefungwa, kwa hiyo zinazobaki na mashaka ni rula na masafa. Ukiiamini rula, igeuze hesabu: 299,792,458 ÷ 0.1232 ni takriban 2,433,000,000. Umepima masafa ya magnetroni yako, 2433 MHz, na mashaka ya takriban 37. Ukiyaamini masafa, umekagua rula. Kwa maoni yangu njia hii ya kwanza ndiyo matumizi bora ya jaribio, kwa sababu inatoa kitu ambacho hakijaandikwa popote: kibandiko kinasema 2450 kwa maikrowevu zote za aina hiyo, lakini 2433 ni ya kwako.

Kwa asiye na maikrowevu

Kompyuta yenye intaneti inaweza kutoa kikomo cha chini. Fungua dirisha la amri, andika ping ikifuatiwa na anwani ya seva unayoijua ilipo, na usome muda wa kwenda na kurudi katika milisekunde. Chagua kwa makini, kwani tovuti kubwa huwa na nakala zake Nairobi au Johannesburg, na muda mfupi mno ndio utakaozifichua. Kutoka Nairobi hadi London, kwa njia fupi juu ya uso wa dunia, ni takriban kilomita 6,800, yaani 13,600 kwenda na kurudi. Muda wa milisekunde 150 ungeonyesha kwamba ishara ilikwenda angalau kilomita 90,000 kwa sekunde. Mwanga hasa ulikwenda haraka zaidi ya hapo: nyaya za baharini hazinyooki, ruta huchelewesha, na ndani ya kioo cha nyaya mwanga hushuka hadi takriban kilomita 204,000 kwa sekunde.

Waliotumia intaneti Afrika Mashariki kabla ya nyaya za baharini kufika mwaka 2009 wana kipimo kingine kichwani. Setilaiti za wakati huo zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ombi lilipaswa kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka. Safari nne hizo ni zaidi ya kilomita 143,000, ambazo hata kwa kasi kamili ya mwanga huchukua karibu nusu sekunde. Kusubiri kule hakukuwa uzembe wa kampuni pekee.

Jinsi ya kuzisoma namba thabiti nyingine

Kasi ya mwanga ni mojawapo ya namba thabiti za maumbile, na ukishaelewa kilichoipata mwaka 1983 unaweza kuzipanga nyingine. Unapokutana na namba ya namna hii uliza kwanza: je, imewekwa au imepimwa?

Tangu tarehe 20 Mei 2019, namba ya Planck (6.62607015 × 10⁻³⁴ joule-sekunde), chaji ya elektroni (1.602176634 × 10⁻¹⁹ coulomb), namba ya Boltzmann (1.380649 × 10⁻²³ joule kwa kelvini) na namba ya Avogadro (6.02214076 × 10²³) zote zimewekwa, kamili kama kasi ya mwanga. Kilo haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, tangu karne ya 19. Katika hesabu, namba hizi hazichangii mashaka yoyote kwenye jibu lako.

Kundi la pili ni la zilizopimwa. Mfano wa kukatisha tamaa ni namba ya mvutano, G, ambayo Henry Cavendish aliifungulia njia mwaka 1798 kwa mipira ya metali ya risasi. Thamani yake ya sasa ni 6.67430 × 10⁻¹¹, na mashaka yake ni sehemu 22 katika milioni. Mtu anayeandika tarakimu tisa katika jibu lililotumia G anajidanganya. Kundi hili liliongezeka mwaka 2019 bila kelele nyingi: namba ya sumaku ya ombwe, ambayo vitabu vingi vya shule bado huiandika 4π × 10⁻⁷ kamili, sasa ni ya kupimwa, ingawa tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba mwanafunzi hataiona.

Kundi la tatu lina uzito kuliko yote, nalo ni la namba zisizo na kizio. Chukua kikokotoo. Zidisha chaji ya elektroni kwa yenyewe. Kisha zidisha pamoja 2, namba ya umeme ya ombwe (8.8541878 × 10⁻¹²), namba ya Planck na kasi ya mwanga. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Utapata 0.0072973, na ukiligeuza, 137.036. Mita, kilo na sekunde zote zimekatana. Kiumbe yeyote, popote, mwenye rula yoyote, angepata 137.036 ileile, na hakuna mkutano unaoweza kuiweka kwa kura.

Hapo ndipo pa kupimia madai yanayosambaa mara kwa mara mtandaoni kwamba kasi ya mwanga imebadilika. Uliza imebadilika kwa mita ipi. Mita ikiwa imefungwa kwenye mwanga wenyewe, sentensi hiyo haina kitu cha kupimwa. Kinachoweza kuulizwa ni kama 137.036 ilikuwa tofauti zamani. Swali hilo lina shahidi Afrika. Huko Oklo, Gabon, mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani ya mgodi huo ilikuwa na upungufu mdogo wa aina ya 235, na uchunguzi ukaonyesha kwamba karibu miaka bilioni mbili iliyopita miamba ile, ikiwa imeloa maji, iliwaka yenyewe kama tanuri la nyuklia. Kiasi cha elementi ya samariamu 149 kilichobaki humo kinategemea jinsi kiini cha atomu hiyo kinavyomeza nyutroni, na tabia hiyo ingevurugika kabisa kama 137.036 ingekuwa tofauti hata kidogo. Waliokokotoa kutokana na miamba hiyo walikuta kwamba haikusogea kwa zaidi ya takriban sehemu moja katika milioni kumi.